Swali la Mpemba Lililochekwa na Darasa Zima

 Mazungumzo haya yanahusu ubunifu wa wanafunzi, jambo linalotajwa katika kila hotuba ya elimu, kuanzia bungeni hadi kwenye mahafali ya darasa la saba. Nadharia zake ni nyingi na vitabu vyake ni vizito. Leo yataanzia kwingine: kwenye maziwa, sukari na friji ya shule moja katika milima ya Usambara.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na mtindo wa kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaingiza kwenye sehemu ya kugandishia ya friji. Nafasi ilikuwa finyu na waliotaka walikuwa wengi, kwa hiyo aliyechelewa alikosa. Siku moja, Mpemba akiwa bado anachemsha ya kwake, mwenzake akamwona, akatia sukari kwenye maziwa yake bila hata kuyapasha moto, akakimbilia friji. Trei iliyosalia ilikuwa moja tu. Mpemba akajua kwamba akisubiri maziwa yapoe, ataikosa. Akapiga moyo konde, akayaingiza yakiwa ya moto vile vile, liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu wote wawili wakaenda kuangalia. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajawa aiskrimu.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia inakuwaje. Jibu likawa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo hakuona ajabu yoyote. Yeye kila mara huweka maziwa ya moto, alisema, kwa kuwa huganda upesi na biashara haimngoji mtu. Yaani muuza aiskrimu alikuwa akilitumia kujipatia riziki jambo lile lile ambalo darasani lilisemekana haliwezekani.

Mpemba alifaulu, akapelekwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu. Mada ya kwanza ya fizikia ikawa joto, na ndani yake kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akaona nafasi imerudi, akauliza tena. Walibishana na mwalimu, na mwisho mwalimu akakata shauri kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea, hata kosa dogo la kusoma vibaya jedwali la logi, aliambiwa kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Darasa likaudaka msemo huo na kuufanya wimbo. Jina lake likawa jina la kosa.

Wengi wangenyamaza hapo. Yeye, alasiri moja, alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu ndani. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka zote kwenye sehemu ya kugandishia ya friji ya maabara. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile ya maji ya moto.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alialikwa Mkwawa kutoa mhadhara. Alipomaliza, akaruhusu maswali. Mpemba akasimama, akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, kimoja kina maji ya nyuzi joto 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Osborne alimwomba arudie swali. Halafu akamuuliza kama kweli amejaribu mwenyewe. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akasema hajui jibu, lakini akirudi Dar es Salaam atalijaribu jambo hilo. Wanafunzi wenzake walimshutumu Mpemba kwamba amewatia aibu mbele ya mgeni, na kwamba hata kanuni ya Newton hakuielewa.

Osborne alitimiza ahadi. Alimpa kazi hiyo kijana msaidizi wa maabara. Msaidizi akaleta taarifa kwamba ni kweli, maji ya moto yametangulia kuganda, lakini akaongeza kwamba ataendelea kurudia hadi apate jibu lililo sahihi. Hapo, msikilizaji, ndipo ugonjwa wa elimu unapoonekana mchana kweupe. Matokeo yalikuwa mbele ya macho yake, kwenye chombo alichokishika kwa mkono wake, na bado aliamini kitabu kuliko kipimo.

Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilitoka katika jarida la Physics Education. Sehemu moja ni Mpemba akisimulia kwa maneno yake mwenyewe. Sehemu nyingine ni Osborne akieleza vipimo, na akitahadharisha juu ya hatari ya sayansi inayofundishwa kwa amri. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka huo huo mtafiti wa Kanada, George Kell, naye aliandika kuhusu maji ya moto kutangulia kuganda. Leo wanafizikia wa dunia nzima huliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Je, alikuwa sahihi? Ubishi haujaisha. Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliligusa jambo hilo karne nyingi kabla ya friji kuwako. Wapo wanaosema maji ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke. Wengine hutaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, au gesi zinazotoka maji yanapochemka. Wengine husema chombo cha moto huyeyusha sakitu chini yake na hivyo kugusana vizuri zaidi na ubaridi. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora, na yakapokewa majibu 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo na kusema hawakuiona athari hiyo kwenye maji. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliandika katika jarida la Nature kwamba wameipata, safari hii kwa kutumia chembe ndogo sana ya kioo ndani ya maji na mwale wa leza.

Hata kama siku moja itathibitika kwamba friji ya Magamba ilimdanganya Mpemba, swali lake litakuwa limeshafanya kazi yake. Lilikuwa swali linaloweza kupimwa. Lilimtoa mhadhiri ofisini, likawaingiza watafiti wa mabara kadhaa maabara, na bado linawapa wanafunzi sababu ya kuweka vikombe viwili kwenye friji. Mwalimu anayengoja swali lililo sahihi ndipo alipokee, hatalipata. Mwanafunzi hajui bado swali lipi lina mshiko. Hilo hulijua baada ya kulifanyia kazi.

Tazama tena alichofanya Osborne, kwa sababu ni kidogo sana. Aliomba swali lirudiwe. Akauliza kama limejaribiwa. Akakiri kuwa hajui. Akaenda kupima. Hakummwagia kijana sifa wala hakumpigisha makofi. Shule nyingi siku hizi zimejifunza nusu ya kwanza ya somo hili, kulipokea swali: mwalimu anasema swali zuri, darasa linapiga makofi ya kilo mbili, na kipindi kinaendelea kama kilivyopangwa. Hapo swali limezikwa kwa adabu. Ubunifu wa Mpemba ulipata nguvu pale alipoambiwa, kwa maneno mengine, tuone.

Ingekuwa rahisi kusema hayo ni ya zamani, ya walimu wa enzi zile. Lakini hata enzi zile yalipigiwa kelele. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere, aliyewahi kushika chaki Pugu kabla ya kushika nchi, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule imjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kwa wengine na kuchagua la kuchukua na la kuacha, na anayejiamini. Alilalamikia pia uzito uliopewa mitihani, ambayo kwa maoni yake ilipima uwezo wa kumeza mambo na kuyatoa yanapohitajika.

Tangu hapo mitaala imebadilishwa mara kadhaa. Mwaka 2005 Tanzania ilileta mtaala wa sekondari unaolenga umahiri badala ya kurundika maarifa. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imezaa mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, ikiwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Kenya iliamua kuuacha mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ikaanza kuusambaza mtaala wa umilisi mwaka 2019, na mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanyika mwaka 2023. Ubunifu na kuwaza ni moja ya stadi saba za msingi katika mtaala huo wa Kenya. Kwa maandishi, basi, hakuna ubishi. Ubunifu umeshaingia kitabuni.

Kuingia darasani ni habari nyingine. Mwalimu ana muhtasari wa kumaliza, daftari za kusahihisha na mtihani wa mkoa unaokaribia. Anajua shule itapangwa kwa ufaulu, na ubao wa matangazo utabandikwa alama. Mwanafunzi naye anajua. Ndiyo maana katika utungaji, mahali ambapo ubunifu ungetarajiwa kuliko popote, wapo wanafunzi wanaoingia chumba cha mtihani na insha waliyoikariri tangu likizo, yenye jua linalochomoza vile vile, methali zile zile tano na ajali ile ile ya basi, wakibadilisha kichwa tu kulingana na swali. Hawa si wavivu. Wamesoma alama za nyakati.

Ni kweli mwalimu mmoja hawezi kubadili mtihani wa taifa. Lakini yapo anayoweza kuyabadili kesho asubuhi bila shilingi moja.

La kwanza ni kunyamaza. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo mengi ya sayansi na kupima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali. Kwa wastani ilikuwa kama sekunde moja tu. Kisha mwalimu hutaja jina la mwingine, au hujibu mwenyewe. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, waliokuwa kimya walianza kusema, na maswali kutoka kwa wanafunzi yaliongezeka. Sekunde tatu ni fupi masikioni, lakini mbele ya darasa ni ndefu. Hebu, msikilizaji, jaribu hapo ulipo: uliza swali moyoni, kisha hesabu taratibu, moja, mbili, tatu. Mwalimu aliyezoea kukimbizana na kengele atahisi kama mwaka umepita. Katika muda huo ndipo mtoto wa dawati la nyuma anapokusanya maneno yake.

La pili ni kugeuza swali. Chukua hesabu ya kawaida ya darasa la tano: shamba lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, tafuta eneo. Jibu ni mita za mraba 24, mwalimu anaweka vyema, kazi imekwisha. Sasa igeuze. Mama ana bustani ya mchicha yenye eneo la mita za mraba 24 na anataka kuizungushia uzio. Ichore kwa kila umbo la mstatili unaloweza, kisha useme ni umbo lipi litamgharimu uzio mfupi kuliko yote. Wataanza na mita 1 kwa 24, ambayo inahitaji uzio wa mita 50. Mita 2 kwa 12 inahitaji mita 28. Mita 3 kwa 8 inahitaji 22, na 4 kwa 6 inahitaji 20. Wengi wataweka kalamu chini hapo. Lakini mmoja, na aghalabu si yule anayeongoza darasa, atauliza kama inaruhusiwa kutumia desimali. Akijaribu mita 5 kwa 4.8 atapata mita 19.6, na ghafla darasa zima linaanza kusogelea mraba bila mwalimu kuutaja. Hesabu ni ile ile ya kuzidisha na kujumlisha. Tofauti ni kwamba sasa kuna kitu cha kutafuta, na mtoto aliyeuliza kuhusu desimali ameshika njia ambayo hakuonyeshwa na mtu.

La tatu ni kuruhusu ya nyumbani yaingie darasani. Mtoto wa Afrika Mashariki anafika shuleni akiwa tayari mtengenezaji. Tazama gari la waya. Fremu ni waya uliokunjwa kwa meno na koleo la kuazima, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili zilizochakaa, na kutoka mbele umeinuka usukani mrefu unaomfikia mwenyewe kifuani huku akikimbia nyuma ya gari lake. Ili usukani ugeuze magurudumu ya mbele bila kuyang'oa, amelazimika kufunga ekseli kwa kitanzi kinacholegea kiasi cha kugeuka na kukaza kiasi cha kutochomoka. Hicho ni kipindi kizima cha fizikia. Lakini gari hilo huachwa nje ya uzio, na ndani mtoto hunakili ubaoni mchoro wa mashine asiyowahi kuiona.

Richard Turere wa Kenya ni mfano unaojulikana. Alikulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, akichunga ng'ombe wa baba yake, na simba walivuka usiku na kuwala. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona vizuri zaidi. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi walikotoka, ya pili wakaizoea. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi, akagundua kwamba hawakuja kabisa, maana simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa cha pikipiki, swichi na balbu za tochi zilizoharibika, akafunga taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kana kwamba mtu anatembea, na paneli ya jua ikawa inachaji betri. Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi. Majirani wakamwomba awafungie na wao. Umeme aliujifunza kwa kufungua vifaa vya nyumbani, ikiwamo redio mpya ya mama yake, na siku hiyo, alisimulia baadaye, nusura auawe. Mzazi yeyote aliyewahi kununua redio atamwelewa mama huyo. Lakini kila hatua ya kijana yule, kujaribu, kushindwa, kuangalia tena na kubadili, ndiyo njia ambayo muhtasari wa sayansi unadai kuifundisha.

Na wapo walimu walioyapokea hayo ndani ya shule. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alifundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani, Kaunti ya Nakuru. Shule ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na wanafunzi ambao wengi wao walitoka katika familia maskini sana. Alianzisha klabu ya vipaji na kuipanua klabu ya sayansi, akawasaidia wanafunzi kufanya miradi inayotokana na waliyoyaona kwao. Kundi moja lilizalisha umeme kwa mimea ya huko huko na kutuzwa na chama kile kile cha kemia cha Uingereza. Timu ya hisabati ya shule hiyo ilifuzu kwenda mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi Arizona, Marekani, mwaka 2019. Machi mwaka huo Tabichi alipewa Tuzo ya Mwalimu wa Dunia huko Dubai, dola milioni 1. Mwalimu huyu hakungoja maabara ya kisasa. Alitenga saa baada ya vipindi, na kuwaachia wanafunzi wachague tatizo wenyewe.

Kuna kikwazo kimoja ambacho mbinu za mwalimu peke yake haziwezi kukiondoa: lugha. Tanzania Bara mtoto wa shule ya umma husoma msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka kuwa la Kiingereza. Mwanafunzi aliyekuwa akibishana na mwalimu kuhusu kinyonga au mvua anageuka bubu wa ghafla. Kuuliza swali jipya ni kazi ngumu kuliko kujibu la zamani, kwa sababu jibu linaweza kukaririwa na swali haliwezi. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Katika mradi wa LOITASA, utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini ulioanza mwaka 2002, watafiti akiwamo Halima Mwinsheikhe walilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ya Kiswahili yalikuwa na mazungumzo na maswali. Ya Kiingereza yalikuwa kimya, wanafunzi wakingoja notisi. Wapo wazazi wanaoona Kiingereza ndiyo njia ya ajira, na hofu yao si ya kubeza. Lakini kujua Kiingereza ni jambo moja, na kukosa lugha ya kuulizia maswali ya fizikia ni jambo jingine.

Wako watakaosema ubunifu ni anasa, kwanza watoto wafaulu. Singapore ina jibu. Nchi hiyo ilisifika kwa mitihani mikali na watoto wanaokesha na vitabu. Mwaka 1997 serikali yake ilianza kampeni ya shule zinazofikiri, na mwaka 2004 Waziri Mkuu Lee Hsien Loong akawataka walimu wafundishe kidogo ili wanafunzi wajifunze zaidi. Mihtasari ikapunguzwa ili kupata nafasi. Juni 2024 shirika la OECD lilipotoa matokeo ya kipimo chake cha kwanza cha fikra bunifu kwa vijana wa miaka 15, kutoka nchi na maeneo 64, Singapore ilikuwa ya kwanza kwa alama 41 kati ya 60. Wastani wa nchi wanachama ulikuwa 33. Katika hisabati pia iliongoza. Vijana hao hawakuacha kujua ili wawe wabunifu. Walipewa muda wa kuyatumia wanayoyajua.

Hoja nzito zaidi ni ya wingi wa wanafunzi. Mwongozo wa Tanzania kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto waliokuwa nyumbani walifurika shuleni, kama ilivyokuwa Kenya mwaka 2003, na yapo madarasa ambayo mwalimu huona vichwa tu hadi ukutani. Hapo hakuna anayeweza kumsikiliza kila mtoto. Anachoweza ni kugawa. Wanafunzi 90 ni vikundi 15 vya watu sita, na ile hesabu ya bustani ya mchicha inafanyika kwenye sakafu kwa chaki au nje kwa kijiti. Kelele zitakuwapo. Mwalimu mkuu apitaye kwenye veranda asidhani kwamba darasa halina mwalimu.

Kwa hiyo maombi ya mazungumzo haya yanaelekezwa kwa pande tatu. Wathibiti ubora wa shule, mnapokagua daftari, msihesabu kurasa za notisi peke yake. Ulizeni pia ni maswali mangapi ya wanafunzi yaliyofanyiwa kazi muhula huu. Mabaraza ya mitihani, wekeni katika kila karatasi swali moja lisilo na jibu la kukariri, na mtangaze mapema kwamba litakuwapo, kwa sababu walimu watafundisha kile kitakachoulizwa. Na mwalimu uliye kazini, wiki hii mwanafunzi akikuuliza jambo ambalo haliwezekani, usimjibu siku hiyo. Tafuteni vyombo viwili, mkapime.